Herekali wa Pate na Hercules wa Lokichoggio

Mwaka 1998, katika siku za njaa kubwa ya Bahr el Ghazal huko Sudan ya Kusini, tulikuwa tumekaa barazani katika Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri. Dele la kahawa lilikuwa linazunguka, na mazungumzo yalikuwa ya kijana mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa lori, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka bara. Njiani alipata habari kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba ilikuwa inakaribia, mbuzi wa akika amekwisha kununuliwa, lakini jina lilikuwa bado.

"Ami," kijana alimwambia mzee wa baraza, "mimi nataka kumwita Hercules."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba kwa miaka kadhaa riziki yake imetoka kwa Hercules. Hupakia magunia Kilindini, akapanda nayo hadi Kitale, akashuka Lodwar, akapita Kakuma, mpaka Lokichoggio karibu na mpaka wa Sudan. Huko ndiko anakongoja Hercules, ambaye huyachukua magunia yale na kwenda kuwaangushia wenye njaa.

Mzee alishusha kikombe chake. "Hercules ndiye nani? Si Herekali huyo? Herekali mfalme wa Rumi, wa chuoni?"

"La, Ami. Hii ni ndege."

"Ndege au mtu, jina naona ni hilo hilo. Nani kaipa ndege jina la Herekali?"

Hakuna aliyeweza kumjibu jioni ile. Lakini mzee hakukosea: jina ni hilo hilo. Na safari yake, kutoka visiwa vya Wayunani mpaka Pate yetu, na kutoka viwanda vya Marekani mpaka jangwa la Turkana, yafaa kusimuliwa, kwa sababu ndani yake mna fundisho kwa kila mzazi anayetafuta jina.

JINA LENYEWE

Wayunani wa kale, kabla ya dini za mbinguni kuwafikia, walikuwa na masanamu mengi waliyoyaabudu, na katika ngano zao walikuwa na shujaa mmoja aliyewapita wote kwa nguvu. Walimwita Heracles, na Warumi waliopokea ngano hizo wakamwita Hercules. Jina lenyewe limeundwa kwa maneno mawili: Hera, aliyekuwa mungu wao wa kike, na kleos, yaani sifa au fahari. Kwa hivyo maana yake ni "fahari ya Hera".

Hapa pana ajabu. Katika ngano hizo Hera ndiye adui mkubwa wa shujaa huyo. Heracles alikuwa mtoto wa mume wa Hera kwa mwanamke mwingine, na Hera hakumsamehe. Alipokuwa angali mchanga alitumiwa nyoka wawili, naye akawanyonga kwa mikono yake. Alipokuwa mtu mzima alitiwa wazimu, na katika wazimu huo akawaua watoto wake mwenyewe. Akili ilipomrudia akatumwa kuhudumu chini ya mfalme dhaifu na kufanya kazi kumi na mbili zilizomshinda kila mtu: kumwua simba asiyeingia silaha, kufua zizi lililojaa samadi ya miaka, na hata kuibeba mbingu mabegani kwa muda.

Ngano moja husema kwamba hilo silo jina alilozaliwa nalo. Aliitwa Alcides, na jina la Heracles alipewa baadaye. Kwa hivyo shujaa huyu alibeba maisha yake yote jina la yule aliyemtesa. Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Lake liling'ara, lakini kwa yale aliyoyatenda. Maana ya jina haikumsaidia kitu.

LILIVYOFIKA PATE

Ama njia ya kwanza iliyoleta jina hili pwani ni ya wino.

Wayunani waliokuja baadaye, hata walipoingia dini ya Kikristo, waliendelea kuwapa watoto wao majina yaliyotokana na shujaa yule. Mmoja wao alikuwa Heraclius, aliyetawala dola ya Rumi ya mashariki tangu mwaka 610 hadi alipofariki mwaka 641. Waarabu walimwita Hiraqli. Huyu ndiye aliyekuwa Kaisari wakati wa Mtume Muhammad (S.A.W.).

Msomaji aliyesoma historia ya dini anakijua kisa. Mtume alimpelekea barua kwa mkono wa sahaba Dihya al-Kalbi kumlingania Uislamu. Katika barua hiyo alimtaja kwa jina lake na kwa cheo chake kwa watu wake, mkubwa wa Warumi. Alikuwa Mtume mwenye kuyabadilisha majina mabaya ya watu wake; tumepokea kwamba msichana aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi alimwita Jamila. Lakini mfalme yule mgeni hakumkejeli wala hakumbadilishia. Alimwita kwa jina watu wake wanalomwita, na jina hilo lilikuwa na sanamu ndani yake.

Na kuna jambo jingine la kuangaliwa. Sura ya 30 ya Qurani inaitwa ar-Rum, na mwanzoni mwake zimo habari za Warumi kushindwa na kwamba watashinda baada ya kushindwa kwao. Aliyewaongoza kuwashinda Waajemi alikuwa huyo Heraclius. Aya zimelitaja tukio. Jina lake hazikulitaja.

Karne kumi na moja baadaye, mwaka 1728, sawa na mwaka 1141 wa Hijria, mshairi wa Pate, Mwengo bin Athumani, aliombwa na mfalme wake atunge kisa cha vita vya Waislamu na Warumi. Akatunga utendi mrefu wa beti zaidi ya elfu moja. Wengine huuita Utendi wa Tambuka, na wengine huuita Chuo cha Herekali. Ni mmoja wa tendi kongwe za Kiswahili zilizobaki mpaka leo.

Watarikhi husema kwamba Waislamu walipotoka kwenda Tabuk mwaka 630 majeshi hayakukutana, na Heraclius mwenyewe hakuwapo. Katika utendi Herekali yupo, ana jeshi, ana hasira, na vita vinapigwa. Jina lilikuwa limekwisha kukua kuliko mtu. Kwa Myunani lilikuwa jina la shujaa, kwa Mrumi la mfalme, na kwa msikilizaji wa Pate likawa jina la adui mkubwa ambaye ukubwa wake waonyesha ukubwa wa waliompinga. Ndiyo maana mzee wetu wa baraza alishtuka kusikia Herekali anagawa chakula.

Jina lile lilipata kubanduliwa pia. Mlango wa bahari unaotenganisha Afrika na Hispania, Wayunani na Warumi waliuita Nguzo za Hercules, wakidai kwamba yeye ndiye aliyeweka alama pale. Mwaka 711 jemadari Tariq bin Ziyad alivuka hapo na jeshi lake. Tangu wakati huo mlima wa upande wa kaskazini umeitwa Jabal Tariq, ambao Wazungu wamelitamka mpaka likawa Gibraltar. Ngano iliondoka, akaingia mtu aliyevuka kweli.

LILIVYOFIKA TURKANA

Njia ya pili ni ya angani.

Kampuni ya Lockheed ya Marekani ilikuwa na desturi ya kuzipa ndege zake majina ya nyota na ya watu wa ngano. Mwaka 1954 ilirusha kwa mara ya kwanza ndege ya mizigo ya jeshi yenye injini nne za pangaboi na mlango mpana nyuma, iliyoweza kutua kwenye uwanja wa udongo. Ikaitwa C-130 Hercules, kwa sababu kazi yake ni kubeba mizigo mizito.

Afrika Mashariki ililijua jina hilo kwa kishindo usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai, 1976. Hercules nne za jeshi la Israel zilitua Entebbe, Uganda, kuwachukua mateka wa ndege ya Ufaransa iliyotekwa. Mateka zaidi ya mia moja waliondoka, lakini wengine walikufa, na makumi ya askari wa Uganda waliuawa. Hazikupita miaka kumi, katika njaa ya Ethiopia ya 1984 na 1985, Hercules za jeshi la anga la Uingereza zilikuwa zikipita chini chini juu ya nyanda za milimani kuangusha chakula. Umbo lile lile na jina lile lile: mara ya kwanza ndani mlikuwa na bunduki, na mara ya pili mlikuwa na nafaka.

Kisha, mwaka 1989, Umoja wa Mataifa ulipatana na serikali ya Sudan na wapiganaji wa kusini, ukaanza mpango wa kuwapelekea chakula raia wa pande zote mbili za vita. Kituo chake kikuu upande wa Kenya kilikuwa Lokichoggio. Mji mdogo wa vumbi, umbali wa kilomita tisini na ushei kutoka Kakuma, ukawa na uwanja wa ndege wenye pilikapilika kubwa.

Hercules moja ilibeba takriban tani 16 kwa safari. Magunia ya nafaka yalivikwa magunia mengine juu yake ili yasipasuke, rubani akainua pua ya ndege, mlango wa nyuma ukafunguliwa, na shehena yote ikateleza na kuanguka uwandani. Februari 1998 serikali ya Khartoum ilizuia safari za kwenda Bahr el Ghazal, na njaa ikazidi makali. Zilipofunguliwa, ndege ziliongezwa na kwenda kwa wingi usio na mfano. Hata hivyo makumi ya maelfu ya watu walikufa.

Msomaji wa pwani asisahau kwamba magunia yale hayakushuka kutoka mbinguni. Mengi yaliteremshwa melini Kilindini na makuli wetu, yakapakiwa katika malori, na madereva kama kijana wetu wakayapandisha bara kwa siku kadhaa, katika barabara yenye mashimo na majambazi. Kazi zile kumi na mbili za ngano zilifanywa na mtu mmoja. Kazi hii ilifanywa na maelfu, ingawa jina lililoandikwa na kutangazwa lilikuwa moja, la ndege.

SHUJAA WA WENYEJI

Je, Waturkana ambao Hercules alikuwa akinguruma juu ya vichwa vyao, wao walikuwa na njaa au walikuwa na shibe? Walikuwa na njaa zao. Ile ya mwaka 1979 hadi 1981 wanaiita Lopiar, yaani iliyofagia kila kitu. Waturkana hawaipi miaka namba tu, huipa majina. Na watoto wao pia huwapa majina yenye habari: mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Ekiru, wa kike huitwa Akiru. Katika nchi ile kavu, hiyo ni dua na shukrani katika neno moja.

Nao wana jina la shujaa wao, na shujaa huyo hana upanga. Anaitwa Nayece, na alikuwa ajuza.

Wasimulizi husema kwamba zamani fahali mmoja aliwapotea Wajie, ambao mpaka leo wako Karamoja, Uganda. Vijana wakafuata nyayo zake kushuka bonde la mto Tarach, mto huo huo upitao Kakuma. Wakamkuta fahali yuko na bibi kizee aliyekuwa akiokota matunda ya mwituni. Bibi akawapokea, akawaonyesha nchi ilivyo na malisho na matunda. Vijana wakarudi kwao, wakawaita wenzao, wakahamia na mifugo yao, na hao ndio chanzo cha Waturkana. Kilima alichokaa bibi huyo kinaitwa Moru Anayece, yaani kilima cha Nayece.

Linganisha, msomaji, matumizi ya majina haya mawili. Jina la Hercules limepewa ndege ili watu waogope au wastaajabu nguvu yake. Jina la Nayece latumika kukumbusha udugu: Mturkana wa Kenya na Mjie wa Uganda, ambao wamenyang'anyana mifugo mara nyingi na kuuana, wanapokaa kuzungumza amani husema sisi ni wa bibi mmoja na fahali mmoja. Halikuandikwa ubavuni mwa chombo chochote. Liko kilimani, na liko vinywani mwa watu.

MTOTO ASIYE NA JINA

Kijana wetu alituhadithia jambo jingine siku ile. Safari moja alitumwa kushusha mzigo kaskazini ya Lodwar, kwa njia ya ziwani, inayopita Kalokol na Kataboi, akafika Nariokotome. Huko hakukuta ndege wala Hercules. Alikuta mto mkavu wa mchanga, miti ya migunga, upepo na mbuzi. Wenyeji wakamwambia kwamba hapo alifukuliwa mtoto ambaye dunia nzima inamjua.

Ni kweli. Agosti 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya wa Ukambani aliyekuwa hodari kuliko wote wa kutafuta mabaki ya kale, aliona kipande kidogo cha fuvu la kichwa chenye rangi moja na mawe yaliyokizunguka. Wenzake walipochimba walipata mifupa zaidi ya mia moja ya mvulana aliyefariki akiwa na umri wa miaka minane hadi kumi na miwili hivi. Wataalamu hukadiria kwamba amelala hapo tangu zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Katika mjadala huo leo hatuingii; Wallahu aalam. Mifupa imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na daftari linamtambua kwa namba 15000. Watu humwita Mvulana wa Turkana, au Mvulana wa Nariokotome.

Kwa hivyo mvulana yule hana jina. Kama mama yake aliwahi kumwita kwa sauti fulani, sauti hiyo ilizikwa pamoja naye. Aliazimwa jina la mto mkavu, na mto mkavu uliokuwa ukijulikana na wachungaji peke yao sasa unasomwa katika vitabu vya kila lugha. Hercules alikuja Turkana akiwa na jina lililotangulia matendo yake kwa maelfu ya miaka. Mvulana huyu hakuwa na jina lolote, na ndiye aliyelipa jina la mahali uzito.

Na yule aliyemwona kwanza, Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, wangapi katika watoto wetu wanamjua? Herekali wanamjua, na Hercules wa sinema wanamjua.

UAMUZI WA BARAZA

Tulipofika hapo siku ile mzee alikuwa kimya. Kisha akamwuliza kijana: "Sasa mwanangu, huyu mtoto wamwita Hercules kwa sababu ya nguvu, au kwa sababu ya chakula?"

"Kwa sababu ya chakula, Ami."

"Basi ndege haikulima chakula, wala haikukitoa melini, wala haikukipandisha Lokichoggio. Nawe wajua nani alikuwa akikitoa melini tangu wewe hujazaliwa."

Kijana aliinamisha kichwa. Marehemu babake alikuwa kuli wa Kilindini kwa miaka mingi. Alikuwa akibeba magunia kwa mgongo, mpaka mgongo wenyewe ukapinda, na sote pale barazani tulikuwa tukimkumbuka akirudi nyumbani magharibi, nguo zimejaa vumbi la unga.

Jina ni haki ya mtoto juu ya mzazi wake, nasi twalijua hilo. Mzazi anapotafuta jina la shujaa haina haja ya kumcheka, kwani anataka mwanawe awe mtu wa maana. Lakini na aulize mambo mawili: jina hili lina maana gani kule lilikotoka, na aliyelibeba alitenda nini. Hercules, ukilifumbua, ni sifa ya sanamu iliyopewa mtu aliyeteswa na sanamu hiyo. Wakalitwaa wafalme, wakalitwaa wenye viwanda, likabeba askari Entebbe na mtama Bahr el Ghazal. Limefanya kazi kila lilipotumwa, kama chombo cha kukodi.

Vita vya Sudan vilikwisha kwa mapatano ya mwaka 2005, na Sudan Kusini ikawa dola mwaka 2011. Mashirika mengi yalihama, na uwanja wa Lokichoggio ukapoa. Wenyeji wa Turkana wamebaki na ukame wao, na kilima cha Nayece kiko palepale.

Siku ya saba mbuzi alichinjwa, na nywele za mtoto zikanyolewa. Akapewa jina la babu yake.